Nakwenda Msumbiji miezi mitano kusaka Kireno, begi moja mgongoni. Nijifunze kwanza au niende mweupe?

#1 KichwaChaMlima
Wakuu, habari za jioni. Ni mwongoza watalii, nipo Moshi, mwaka wa saba huu napandisha watu mlima na kuwashusha. Kiingereza kipo. Kihispania cha kuombea chumvi kipo. Tatizo ni Wabrazili. Kila msimu nawapata, na pale ofisini mwenye Kireno ni mmoja tu, na malipo yake ya siku siyo haya yetu.

Brazili siwezi, nauli ya ndege peke yake inakomba akiba yote. Nimeangalia ramani nikasema kumbe Mreno tuliachiwa jirani. Mpango: katikati ya Machi watalii wakipungua natoka kwa basi, Mbeya, Malawi, Tete, Beira, kisha nateremka taratibu hadi Maputo. Miezi mitano. Nina milioni nne na nusu na begi moja. Mji ukinipendeza nakaa mwezi, usiponipendeza nalala siku mbili nasonga.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Nijifunze kwanza nyumbani au niende mweupe lugha inikute hukohuko? Jamaa mmoja kaniapia kwamba ukianza na Kireno cha simu unaharibu ulimi moja kwa moja. Na la pili, nibebe nini, niache nini.

#2 Kibarazani
Siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 BintiNewala
Mkuu kwa nini uzunguke Malawi yote hiyo? Daraja la Umoja lipo Mtambaswala tangu 2010, unavuka Ruvuma kwa miguu yako, upande wa pili Negomano. Sisi Wamakonde tuna ndugu huku na huku.

#4 KichwaChaMlima
#3 dada, huko ng'ambo ni mkoa wa Cabo Delgado, nimeuogopa.

#5 MzeeNachingwea
Na uogope. Huyo binti anasema daraja, hasemi baada ya daraja. Vurugu zilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, Palma ikavamiwa Machi 2021, na hata huku kwetu Kitaya wapiganaji walivuka 2020. Mwenye ndugu atapokelewa na ndugu. Wewe na begi lako utapokelewa na maswali. Pita Malawi, kijana.

#6 BintiNewala
Shikamoo mzee. Sijasema aende Palma, nimesema daraja lipo.

#7 Lizombe
Kuna na njia ya Songea, Mkenda unavuka unatokea Niassa, kuelekea Lichinga. Kimya, hakuna fujo, ila barabara ya upande ule mvua ikinyesha unakaa na dereva mpaka mnakuwa ndugu. Machi usithubutu.

#8 MamaVitenge
Mdogo wangu, nimekaa Beira miezi 14 nauza vitenge, wao wanaita capulana. Nilikwenda mweupe. Nitakueleza mweupe maana yake nini.

Wiki ya tatu nataka kwenda Chimoio kufuata mteja. Naenda kituo cha mabasi, nauliza kwa vidole basi lini. Kijana ananijibu vizuri kabisa, "quarta-feira, às quatro." Mimi hesabu za Kireno nimeshakariri, um, dois, três, quatro. Nikasema hapa nimepata nne mbili: siku ya nne saa nne. Jumanne saa nne asubuhi niko kituoni na mabalo yangu mawili. Kijana anacheka, hapana mama, ni quarta. Nikarudi nyumbani na mabalo. Kesho yake nikaja tena saa nne ileile. Basi limeondoka tangu saa kumi alfajiri.

Quarta-feira ni Jumatano, na às quatro ni saa kumi. Nilikosa basi moja mara mbili.

Jifunze kwanza. Hata wiki nne. Namba, siku, saa, bei. Hayo mengine ndiyo lugha ikukute huko.

#9 Kibarazani
😂😂 Basi moja mara mbili. Mama hii kali.

#10 Mwanafunzi_wa_Lugha
Nielezeni hiyo. Quarta ni "ya nne". Jumanne ni ya nne. Nani kakosea kuhesabu, sisi au wao?

#11 UstadhKilwa
Hakuna aliyekosea. Mswahili anaanza kuhesabu baada ya Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi ni mosi. Mreno anaanza Jumapili, kwa hiyo Jumatatu yetu kwake ni segunda, ya pili. Tofauti ni siku moja mpaka Jumatano. Alhamisi mnakutana: yeye quinta, ya tano, na Alhamisi ni tano ya Kiarabu, maana Mwarabu naye anaanza Jumapili kama Mreno.

#12 Mwanafunzi_wa_Lugha
Kwa hiyo wiki yetu ina tano mbili, Jumatano na Alhamisi? Nimeishi miaka 31 sijawahi kuliona hili.

#13 PunguaMzigo
Tumwache mtu akose mabasi yake, turudi kwenye begi. Mimi nimetembea Malawi, Zambia, Msumbiji mpaka Inhambane. Safari ya kwanza nilijiona komandoo. Nilipofika Mbeya mgongo umegoma, nikaingia duka la mchele pale jirani na stendi, nikaomba kupima begi kwenye mzani wa magunia. Kilo 19. Mwenye duka akaniuliza, unahama? Nikalifungua palepale juu ya turubai. Mlikuwa na pasi ya umeme. Jozi nne za viatu. Kamusi yenye jalada gumu, kilo mbili kasoro. Nikaacha kilo nane kwa mama mdogo Mwanjelwa na mpaka leo pasi anayo.

Begi lita 40, basi. Nguo za siku nne, unafua. Kandambili. Kitenge kimoja: ni shuka, ni taulo, ni pazia, ni mto. Chandarua. Kitu ambacho hakuna anayekwambia: plagi. Pini zetu tatu bapa zinafanya kazi hadi Malawi. Ukivuka mpaka wa Zóbuè kuingia Msumbiji unakuta tundu mbili za mviringo, na kwingine zile kubwa tatu za Afrika Kusini. Nililala Tete siku mbili simu imezima, joto lile, siwezi hata kujua saa ngapi.

#14 Mpagazi_Machame
Kilo 19 mnalia? Sisi mlimani mzani wa getini unaruhusu 20 na unapanda nazo. Mleta uzi anajua, yeye hubeba kifimbo na chupa ya maji.

#15 KichwaChaMlima
#14 nilianzia upagazi kaka, nidhamu.

#8 mama asante, nimekoma. Naanza namba leo.

#16 Mpagazi_Machame
Nidhamu ipo, kifimbo pia kipo.

#17 DaktariWaMtaani
Usisahau kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano. Na angalia tarehe, ikipita miaka 10 unachanja upya.

#18 MuuguziKyela
#17 hiyo sheria ilishabadilika. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Shida ni kwamba afisa wa mpakani naye anaweza kuwa hajasikia, kwa hiyo uwe mpole. Malaria ndiyo ya kuiogopa kweli, Zambezi yote ile. Ukipata homa usiseme ni uchovu wa basi.

#19 Sajuki_wa_Nampula
Bandugu, miye ni Mkongomani, niko hapa Nampula miaka tisa. Nimesoma yote. Munamuambia aje kujifunza Kireno, lakini hamumuambie hatari ya kweli: Kiswahili.

Hapa sokoni Warundi wako, Wakongomani tuko, Watanzania wako, Wanyarwanda wako. Kambi ya Maratane iko karibu. Mutu anafika na begi, anasikia "karibu ndugu", anakaa. Chakula Kiswahili, chumba Kiswahili, kanisa Kiswahili. Nilipokea kijana wa Kigoma hapa kwangu. Mwaka mzima. Alirudi na "bom dia" na "quanto custa". Na hiyo quanto custa alikuwa anaitamka vibaya.

#20 MzeeNachingwea
Na Pemba ni hivyohivyo. Wazee wengi kule Kiswahili wanakijua.

#21 Kibarazani
Mzee Pemba kila mtu anajua Kiswahili, ni Zanzibar ile.

#22 MzeeNachingwea
Pemba ya Msumbiji, mjukuu wangu. Mji mkuu wa Cabo Delgado. FRELIMO, chama chao cha ukombozi, ilizaliwa Dar es Salaam 1964, vijana wao walifundishwa hapa kwetu Nachingwea, wengine walikaa mpaka wakaoa. Kiswahili walirudi nacho.

#23 UstadhKilwa
Mzee wangu, FRELIMO iliundwa Juni 1962. 1964 ndio vita vilipoanza, Septemba. Mondlane, kiongozi wao, akauawa hapahapa Dar kwa bomu la kwenye kifurushi, Februari 1969. Na hao wa pwani siyo wote Kiswahili cha kambini, kuna Kimwani, kuanzia Ibo kupanda juu. Ukikisikia kwa mbali utadhani Mswahili anaongea na pipi mdomoni.

#24 MzeeNachingwea
62, sawa. Wewe ulisoma kitabuni, mimi niliwaona wakikimbia mchakamchaka.

#25 Dada_Mhasibu
Hamjamgusa kwenye hela. Milioni nne na nusu kwa miezi mitano ni laki tisa kwa mwezi, elfu thelathini kwa siku. Humo mna kulala, kula, nauli, mwalimu, vocha na dharura. Halafu anataka kuhama mji kila akichoka. Kila kuhama ni nauli pamoja na siku mbili tatu za gesti kabla hujapata chumba cha bei ya mwenyeji. Kaa mji mmoja.

#26 PunguaMzigo
Nampinga dada. Kukaa mji mmoja ndiko kunakoua lugha. Unazoeleka, watu wanajua unachotaka kabla hujafungua mdomo. Mwenye duka akikuona anachukua mkate anakupa. Safarini kila siku unajieleza upya: unatoka wapi, unakwenda wapi, shilingi ngapi, hii ni ghali. Kireno changu chote nilikipata ndani ya chapa, hivyo vidaladala vyao.

#27 Mwalimu_Mtaala
#26 ndiyo maana Kireno chako chote ni cha nauli. Siku za mwanzo kila mtu anapanda haraka, halafu anaganda hapo. Anaweza kuuliza bei mia moja lakini hawezi kueleza kwa nini amechelewa. Mleta uzi anataka kuongoza watalii, atahitaji kueleza kwamba mtu akiumwa kichwa na kuanza kuyumba kwenye mita 4,600 ashuke sasa hivi asisubiri asubuhi. Hiyo haipatikani kwenye chapa. Tafuta darasa. Maputo kuna kituo cha utamaduni cha Camões, Beira nao wana tawi. Ukitaka cheti kuna mitihani ya Chuo Kikuu cha Lisbon, moja ya ngazi za chini wanaiita CIPLE. Mwajiri akiona karatasi haulizi sana.

#28 MamaVitenge
Wote mnasema darasa na chapa, kuna jambo hamjagusa. Wenyewe kwa wenyewe hawaongei Kireno! Beira nyumba niliyopanga walikuwa Wasena. Jikoni Kisena, ugomvi Kisena, mapenzi Kisena. Kireno wakitoa kwa ajili yangu na kwa ajili ya mwalimu wa watoto. Ukienda Nampula ni Kimakua, Maputo ni Kichangana. Kila ukihama mji wanakubadilishia lugha ya jikoni.

#29 Mwalimu_Mtaala
Mama yuko sahihi. Kwenye sensa yao ya 2017 waliosema Kireno ndiyo lugha yao ya kwanza hawakufika hata mmoja kati ya watano. Ila mjini Maputo vijana wengi ni Kireno kitupu nyumbani. Ndiyo maana nasema Maputo.

#30 Dada_Mhasibu
Na Maputo ndiko ghali. Mnaona mnavyozunguka?

#31 Sajuki_wa_Nampula
Shida si muji, si darasa. Ni aibu. Munitazame mie, nilifika na Kifaransa, nikaogopa kukosea, mwaka mzima nikanyamaza. Mutoto wangu wa miaka mitano alifika siku ileile, akakosea kila neno, miezi mine ananitafsiria hospitali. Mutu mukubwa anataka kusema vizuri kabla ya kusema.

#32 PunguaMzigo
#31 hapo umepiga penyewe.

#33 BrazukaTZ
Niliishi São Paulo miaka minne, nimesoma uzi wote nasubiri mtu aseme, hakuna. Mleta uzi, wateja wako ni Wabrazili. Kireno cha Msumbiji kimefuata cha Ureno. Wareno wanameza irabu, wewe Mswahili unayetamka kila herufi utaona Mbrazili ndiye jamaa yako. Maneno nayo: treni Msumbiji ni comboio, Brazili ni trem. Basi ni machimbombo kwa hawa, ônibus kwa wale. Na hili ulishike kabisa: rapariga Msumbiji ni msichana, neno la heshima zake. Sehemu za Brazili ni tusi. Ukimsifia mteja binti yake kwa neno hilo pale geti la Marangu, bakshishi imekwenda.

#34 KichwaChaMlima
😂 Hii naandika kwa wino mwekundu. Kwa hiyo nikitoka Msumbiji Wabrazili hawatanielewa?

#35 BrazukaTZ
Watakuelewa bila shida, wewe ndiye utapata tabu wiki mbili za mwanzo. Jioni sikiliza Wabrazili mtandaoni, mchana ongea na wa Msumbiji.

#36 Mwalimu_Mtaala
Ndiyo njia ya kujua vyote nusunusu.

#37 Lizombe
Kwani huko wanaendesha upande gani? Mreno ni kulia.

#38 PunguaMzigo
Kushoto kama sisi, majirani wote ni kushoto. Cha kuangalia ni milango. Mlango wa benki umeandikwa PUXE, unatamkwa "pushi". Nikausukuma kwa nguvu zangu zote, foleni nzima inanitazama. Maana yake vuta.

#39 MamaVitenge
Na asubuhi ukiambiwa mata-bicho usikimbie. Ni kuua mdudu, maana yake kifungua kinywa. Kuomba kitu sema "estou a pedir", naomba. Ukianza na "nataka" kama kwenye vitabu utaonekana umelelewa porini. Shamba wanaita machamba, hilo walituibia.

#40 Nyali_Bay
Salamu kutoka Mombasa. Mbona mnamtisha kijana, Kireno anacho tayari mdomoni: meza, bendera, leso, karata, kopo, parafujo, mvinyo, pesa, gereza. Mreno alianza kujenga Ngome ya Yesu hapa 1593, akatolewa 1698, maneno yakabaki.

#41 UstadhKilwa
Pesa itoe hapo. Hiyo ni paisa ya Mhindi.

#42 Nyali_Bay
Pesa ni peso.

#43 UstadhKilwa
Peso ni ya Mhispania, ndugu yangu. Hapa pwani sarafu za Kihindi zilizunguka mikononi mwa watu karne nzima.

#44 Kibarazani
Mimi nataka gereza. Mreno anaitumiaje?

#45 Nyali_Bay
Igreja, kanisa. Ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, watu wakaita ngome yote hivyo, halafu Mwingereza akaigeuza ngome kuwa jela mpaka 1958. Basi.

#46 UstadhKilwa
Kilwa Kisiwani kuna Gereza, ni ngome, na jina hilo halikumsubiri Mwingereza wa Mombasa. Ngome yoyote hufungiwa watu.

#47 Kibarazani
Mimi mama yangu alikuwa ananifungia kanisani, naelewa kabisa.

#48 Mhamiaji_Mstaafu
Turudi kwa kijana kabla hajapotea. Matembezi mafupi Mtanzania haombi viza Msumbiji, lakini soma siku zilizoandikwa kwenye muhuri, usizisome usoni mwa aliyegonga. Kusoma chuo au kukaa zaidi ni habari nyingine, wanaita DIRE, kitambulisho cha mkaazi mgeni. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Tembea na nakala iliyogongwa muhuri wa mthibitishaji wao, pasipoti yenyewe ifungie ndani. Mimi nilisimamishwa barabarani usiku na askari wawili, nikaonyesha nakala, mmoja akaigeuzageuza kama anatafuta picha nyuma. Kwa adabu na subira nilifika nyumbani.

Na ukivuka Kasumulu kuingia Malawi rudisha saa nyuma, moja.

#49 MuuguziKyela
Machi ibadilishe. Kimbunga Idai kiliipiga Beira Machi 2019, kimbunga Freddy kikarudi Machi 2023 kikaimaliza Blantyre. Ndiyo njia yako yote hiyo. Nenda mwishoni mwa Aprili.

#50 KichwaChaMlima
Nikiondoka Machi walau nusu ya Agosti naiwahi. Nikiondoka mwisho wa Aprili, miezi mitano inaniharibia Julai na Agosti zote. Huko ndiko mkate wangu wa mwaka.

#51 Dada_Mhasibu
Basi nenda miezi miwili. Na hela itatosha, uhifadhi nyingine.

#52 PunguaMzigo
Miezi miwili ni utalii, mwambieni ukweli.

#53 Sajuki_wa_Nampula
Ya ule wa Kigoma ilikuwa miezi kumi na mbili 😅

#54 KichwaChaMlima
Wakuu, nimekaa kimya wiki sita, samahani. Nilikwenda. Niliondoka 24 Aprili, nikapitia Malawi. Begi kilo 11, nilipima kwenye mzani wa nyanya. Namba nilikariri mpaka usingizini.

Nipo Tete. Joto sisemi. Leo nimepanda chapa kuvuka daraja la Samora Machel kwenda Moatize, kondakta akasema bei, nikatoa noti nikasubiri chenji. Hakuna chenji. Nimesikia sessenta, yeye alisema setenta. Hapo ni sitini na sabini. Tumebishana mpaka abiria wote wameingia. Bibi mmoja akaniambia "estamos juntos", nikafurahi nikajua ni tuko pamoja, kumbe alikuwa anamwambia kondakta.

Nakaa kwa fundi seremala, chumba cha uani. Kwake wanaongea Kinyungwe. Mama Vitenge uliniambia.

#55 MamaVitenge
Nilikuambia. Unakula nini?

#56 KichwaChaMlima
Ugali wao wanaita xima. Ni uleule.

#57 BrazukaTZ
Sessenta na setenta mimi ziliniua mpaka mwaka wa pili, na nilikuwa nafanya kazi dukani.

#58 Mwalimu_Mtaala
Umeshapata mwalimu?

#59 KichwaChaMlima
Mtoto wa fundi, darasa la sita. Namfundisha Kiingereza, ananifundisha Kireno. Ananikosoa mbele ya wageni.

#60 Lizombe
Wakuu nimechelewa kuingia. Basi la Tete kwenda Beira linatoka siku gani?

#61 KichwaChaMlima
Wameniambia quarta.

#62 Kibarazani
Wote kimya, asimsaidie mtu.